Kiwanda Kimemwandikia Nyaga Leo

Leo tumemzika Nyaga, na kiwanda kimemuuliza mbona hayuko kazini.

Sitanii.

Tumetoka kaburini, hapa karibu na Runyenjes, watu wanapakuliwa chakula. Simu ya marehemu ikalia ndani ya kibeti cha mkewe, Mama Wawira.

"Baba Mugendi, nisomee. Macho yangu leo hayaoni."

Nikasoma: "Ndugu Nyaga, hujaripoti kwenye zamu. Tafadhali eleza sababu."

Katika kiwanda hicho cha chai, Nyaga aliona kadi za karatasi za kuripoti zamu zikiondolewa, ikaja mashine ya kusoma alama ya kidole, kisha simu. Wakubwa wanaita hayo mageuzi ya kidijitali. Mimi sipingi mashine, msianze. Lakini zamani mtu asipofika zamu, msimamizi alituma mwenzake hadi nyumbani. Huyo ndiye aliyerudi na habari ya msiba, na lori la wafanyakazi likaja mazishini.

Leo hakuna lori lililokuja.

"Wajibu hao," Mama Wawira akaniambia. "Si wewe ndiye wa kugombana na wakubwa?"

Nikaandika: "Nyaga amefariki."

Jibu likaja papo hapo: "Asante. Ombi lako la likizo limepokelewa."

"Wanasemaje?"

Mnanijua, mimi si wa kunyamaza. Lakini leo nikamwambia hivi:

"Wamesema pole, Mama Wawira. Wote wanakupa pole."

Akafuta macho kwa leso. "Mungu awabariki. Nilidhani wamemsahau."

Nyinyi mngemwambia nini?