Samaki wa Mwanahija Ndani ya Kontena

Mimi Shifa sina tabia ya kusema ya watu. Lakini haya ya Mwanahija na Marijani nimeyasikia mara nyingi mno, tena jikoni kwangu, mmoja akisimulia na mwenzake akimkatiza, mpaka sasa nayaona kama yangu. Isitoshe, simu iliyokuwa inalia muda wote ilikuwa kabatini mwangu, kwa hiyo na mimi nimo.

Marijani ni mtu wa kago. Wafanyabiashara wa Dar na Zanzibar wakishanunua nguo zao Zhanqian, soko la nguo la hapa Guangzhou, yeye ndiye anayezikusanya, anazifunga, anazipima na kuzipeleka bandarini Nansha kupakiwa kwenye kontena. Ni mwaminifu mpaka anakera. Ila ana ugonjwa mmoja, nao ni kupima. Ile futi ya chuma inayojikunja yenyewe haitoki mfukoni mwake. Ukimwalika chakula, ataitazama sufuria yako kwanza, kisha atakwambia ingekula kyubiki ngapi, yaani nafasi kiasi gani, kwenye kontena. Siku niliyonunua friji hata hongera hakunipa, aliizunguka na futi yake kama fundi seremala.

Mkewe, Mwanahija, ni mtoto wa Kariakoo. Alikuja Guangzhou akiwa bibi harusi, akidhani anakuja kukaa na mume, akakuta amekuja kukaa na ghala. Hakulalamika. Alijifunza kufunga marobota mpaka wapakiaji wa Kichina wakawa wanamwita laoban, yaani bosi, na hawamtanii. Mimi naishi chini yao, napikia wafanyabiashara chakula cha nyumbani, na kila jioni nilikuwa nasikia miguu ya wale wawili juu ya dari yangu. Miguu tu. Sauti ilikuwa moja, ya Marijani, na ilikuwa inaongea na simu.

"Da Shifa," aliniambia Mwanahija siku moja, "jana nilimwambia mwanamume yule kwamba nina huzuni. Unajua alinijibu nini? 'Ehe, na uzito wake?'"

Nilicheka mpaka nikaunguza vitunguu. Yeye hakucheka, na hapo ndipo nilipojua kwamba mambo si mazuri.

Basi dada yake, Hasna, akapata fremu nzuri ya duka kule Kariakoo. Akamwambia, mdogo wangu, rudi tulishike pamoja, nipe jibu Jumapili, maana mwenye fremu hangoji mtu. Mwanahija hakuficha. Alimwambia mumewe waziwazi, kwa kumnyang'anya simu kwanza.

Zilikuwa zimebaki siku chache kufika mwaka mpya wa Kichina. Hiyo ndiyo likizo pekee ya watu wetu hapa, tena si kwa kupenda. Viwanda vinafungwa, madereva wanarudi vijijini kwao, Zhanqian nzima inashusha milango, na hata ukitaka kununua soksi unajibiwa "meiyou", hakuna. Miaka yote Marijani alikuwa akiutumia wakati huo kufagia ghala. Safari hii Mwanahija alikuwa ameshalipia chumba Panyu, kusini mwa mji, kwenye ile bustani kubwa ya michezo, hoteli ambayo ukikaa kula unaona simbamarara weupe wakijinyoosha nyuma ya kioo.

"Siku mbili, Marijani. Siku mbili niwe mke wako, nisiwe karani wako. Usiongee mizigo, usitazame mizigo. Nikisikia katoni au kyubiki, Jumapili namwambia Hasna naja. Na nikienda, sirudi."

"Na simu?"

"Simu inabaki kwa Shifa."

Sasa wewe msomaji wa mbali hujui uzito wa jambo hili. Guangzhou mtu bila simu ni mtoto mchanga. Hulipi taksi, hununui maji, hata muuza viazi vya kuchoma barabarani anataka umlipe kwa simu. Nilidhani atakataa. Akashuka mwenyewe, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Da Shifa, ikilia usipokee. Ila kama ni..."

"Marijani!" Sauti ilitoka juu ya ngazi.

"Basi, usipokee."

Siku ya safari ndiyo ilikuwa siku ya gari la mwisho kwenda Nansha. Mwanahija alikuwa amepika usiku, maana chakula cha huko hakiamini. Alitia chapati, maandazi na sahani nzima ya samaki wa kukaanga ndani ya begi la magurudumu, pamoja na nguo zao. Kulikuwa na manyunyu. Marijani akalivalisha begi kiroba ili lisilowe, akalizungushia selotepu ya njano, na kwa kuwa mkono ukishazoea umezoea, akachomoa maka peni akaandika kwa herufi kubwa kama anavyoandika kwenye kila furushi: jina la mwenye mali na mji linakokwenda. MWANAHIJA. DAR ES SALAAM. Wala hakujua kwamba ameandika.

Akaliweka mlangoni, palipokuwa na viroba vingine vya namna ileile vikingoja wapakiaji. Taksi ikapiga honi. Mwanahija akaita, "Haraka, na nilikwambia usitazame mizigo!" Marijani akatii. Mume akitii nusu ni heri, lakini huyu alitii yote. Aligeuza uso ukutani, akapapasa, akanyanyua kiroba kilichokuwa karibu na mguu wake, akatoka.

Wakafika. Mwanahija anasema alipoingia ukumbi wa hoteli alisahau hata jina lake. Taa nyekundu za karatasi kila mahali, watoto wamevaa masikio ya wanyama, na nyuma ya kioo simbamarara mweupe amelala chali bila aibu. Chumba kilikuwa na kitanda ambacho Marijani alikitazama kwa urefu na upana, akafungua mdomo, akaufunga. Mwanahija aliona. Moyoni alifurahi, akaanza kukata selotepu ili atoe chakula.

Kilichotoka kilikuwa gauni la satini la zambarau. Na jingine. Na jingine. Zilikuwa sare za harusi ya binti wa Dalila, mteja wao wa Magomeni, ambaye alikuwa amepiga simu kila siku kuulizia sare hizo. Zisipopanda kontena la leo zingengoja mpaka viwanda vifunguliwe tena, na harusi ingeshapita.

Walitazamana. Mwanahija akamwangalia mumewe anavyobadilika rangi. Marijani akakunja sare moja moja, akazirudisha kwenye kiroba, akakisukuma chini ya kitanda.

"Twende tukacheze," akasema.

"Marijani..."

"Mimi niko likizo."

Wakaenda kucheza. Wakapanda vikombe vinavyozunguka, wakaona twiga wengi kuliko waliowahi kuwaona kwao, wakala mahindi ya kuchemsha kwa kuwa chapati zilikuwa zimeshaondoka. Marijani alikuwa anajikaza kisabuni. Akicheka, anacheka kwa kuchelewa. Akimshika mkewe mkono, mkono una jasho, na siku yenyewe ilikuwa ya baridi.

Mwisho wakafika kwenye ile treni ya juu, inayokwenda huku imewapindua watu vichwa chini. Kabla ya kupanda, kila mtu anatakiwa kutoa vitu vyote mfukoni na kuviweka kwenye sinia. Binti wa zamu akamwonyesha Marijani sinia. Marijani akajifanya haelewi Kichina. Binti akagonga sinia. Marijani, mtu mzima mwenye ndevu, akatia mkono mfukoni pole pole, akatoa futi ya chuma.

Mwanahija akaitazama. Foleni nzima ikaitazama.

"Sijapima kitu," alisema Marijani. "Wallahi, hata kitanda sikukipima. Ni vile tu mfuko unakuwa mtupu."

Hapo Mwanahija alitaka kucheka, ila akamwona vizuri mtu aliyesimama mbele yake. Mtu huyu hajawahi kuchelewesha furushi la mteja hata mara moja, jina lake ndilo mtaji wake wote, na sasa alikuwa tayari jina hilo livunjike Magomeni nzima, mchana kweupe, kwa sababu mkewe alisema asiongee mizigo. Hakuwa amesema neno. Alikuwa amekwenda kupanda vikombe. Kwa miaka yote Mwanahija alikuwa akijiuliza kama mwanamume huyu anampenda, na jibu lilikuwa limesimama kwenye foleni limeshika sinia, linatoka jasho. Anasema alitaka kulia pale pale.

Halafu likamjia wazo jingine, nalo lilikuwa baya zaidi. Akashika kichwa.

"Marijani! Samaki wangu yuko ndani ya kontena!"

"Sikusikia," alisema Marijani.

"Samaki wa kukaanga! Pamoja na nguo za watu! Mpaka afike Dar si atakuwa ameshanukisha kontena zima? Hilo kontena lina kyubiki ngapi?"

"Sitajibu hilo."

"Jibu!"

"Sitaki Jumapili umpigie Hasna."

"Marijani, hilo ni jina letu!" alisema Mwanahija, na Marijani anasema neno hilo ndilo lililomtoa kwenye foleni. Siku zote lilikuwa jina lake. Leo limekuwa letu.

Wakakimbia kwanza chumbani kutoa kiroba chini ya kitanda, kisha nje. Mwanahija akiwa mbele na simu yake, akampigia msimamizi wa yadi ya Nansha, mzee Lao Chen, anayefahamu Kiswahili cha maneno matatu. "Lao Chen, ngoja, ngoja!" akapiga kelele. Marijani akiwa nyuma na kiroba cha sare begani, akipita katikati ya watoto wenye masikio ya sungura. Watu wakadhani ni mchezo wa bustani, wengine wakapiga makofi.

Kutoka Panyu mpaka Nansha si mbali kama wangetoka mjini, na hiyo ndiyo iliyowaokoa. Lao Chen alikuwa amesimama mbele ya kontena, mlango mmoja ameshaufunga, mdomoni ana sigara. Akawatazama, akavuta hewa puani, akasema kwa Kiswahili chake, "Mama, samaki." Alikuwa ameshalitoa begi mwenyewe. Hakuwa amejua ni la nani, maana Mwanahija anamfahamu kwa jina la laoban tu, ila pua yake ilimwambia kwamba hilo si kago.

Sare za Dalila zikapandishwa. Marijani alipoinamia begi lao ndipo alipoyaona maandishi yake mwenyewe. Akasimama tuli. Mwanahija akaja, naye akasoma. MWANAHIJA. DAR ES SALAAM.

Lao Chen alikuwa anawaharakisha kwa kuwapungia sigara. Ndani ya taksi wakati wa kurudi, begi katikati yao likinukia bizari, Marijani akaanza.

"Nimekuandika kwa mkono wangu mwenyewe."

"Ulikuwa hujui."

"Ndiyo maana imenitisha. Nakufunga, nakupeleka, na hata sijui." Kisha akasema jambo ambalo Mwanahija alikuwa amelingoja tangu alipotua uwanja wa ndege wa Baiyun na hina mikononi. "Usiende, Mwana. Sina la kukupa kubwa. Nakuomba tu usiende."

"Kwa nini hukuniomba siku zote hizi?"

"Nilidhani umechoka na kazi."

"Kazi naipenda, mjinga wee. Nimechoka kuongea na mgongo."

"Basi ongea na uso. Huu hapa."

Mwanahija alimwambia Jumapili ni Jumapili, akafungua begi, akamlisha samaki ndani ya taksi mpaka dereva akafungua madirisha yote.

Walirudi bustani kabla ya kufungwa, wakaipanda ile treni. Mwanahija anasema mumewe aliita majina ya babu zake wote. Marijani anasema si kweli, alikuwa anasoma dua. Kesho yake waliipanda tena, kisha tena. Walikula chapati mbele ya kioo, simbamarara akiwatazama, na wakaongea kutwa nzima, mambo ya utoto wa Kariakoo, ya mama zao, ya kuku aliyemkimbiza Marijani siku ya posa. Neno katoni halikutajwa. Mwanahija anakiri kwamba mara mbili nusura alitaje yeye.

Jumapili jioni wakanigongea. Walikuwa wamepauka pua kwa baridi, wamevaa masikio ya simbamarara, watu wazima wale. Nikawafungulia, nikawatengea chai. Nilitaka kuuliza kuhusu Hasna, ila nikaliogopa jibu. Nilikuwa nimeshamzoea Mwanahija, na kama angeondoka, nani angekaa kwenye kigoda changu cha jikoni?

Begi lilikuwa limewekwa pale mlangoni, bado ndani ya kiroba chake. Nikainama kulisogeza lisizibe njia, nikasoma. MWANAHIJA, yale maandishi mazito ya Marijani. Chini yake, Dar es Salaam ilikuwa imekatwa mistari miwili. Na chini ya mistari, kwa mwandiko wa kike niufahamuo, pameandikwa: GUANGZHOU, KWA MARIJANI. USIWEKE MZIGO JUU.

Nikainua macho. Mwanahija alikuwa ananitazama, anacheka, machozi yanamtoka. Kabatini simu ikaanza kulia. Marijani akaisikia, nilimwona kabisa akiisikia. Akanyoosha mkono, akachukua chapati, akamkatia mkewe nusu.