Mashine ya Kujumlisha ya Injinia

Mume wangu ni fundi wa lifti. Kazini wanamwita Injinia kwa utani, kwa sababu diploma yake ilikwama mwaka wa pili na haikukwamuka tena. Miaka ishirini na miwili amepanda na kushuka ngazi za chuma ndani ya mashimo ya lifti, na sasa magoti yamemgomea. Daktari alimwambia waziwazi kwamba mwaka huu uwe wa mwisho. Basi akaenda kuomba kazi ya kufundisha chuo cha ufundi, mtaa wa pili kutoka kwetu. Mkuu wa chuo hakumfukuza. Alimwambia, "Cheti huna, lakini nasikia unajenga kompyuta ndani ya gemu. Jumamosi nitakuja kuiona. Ikijumlisha mbele yangu, una darasa."

Gemu lenyewe binti yetu alituachia kwenye kompyuta yake alipoolewa. Ni dunia ya matofali. Unatembea ndani yake na kujenga upendacho, na humo mna nyaya, swichi na taa. Injinia alipanga swichi mwanzo wa bonde refu na taa nne za jibu mwisho wake: ya moja, ya mbili, ya nne na ya nane; zinazowaka unazijumlisha. Katikati akajaza mamia ya vijilango: hiki hupitisha umeme swichi zote mbili zikiwashwa, kile hupitisha ikiwashwa moja tu. Ukiweka saba na tano, taa zinatakiwa kukuonyesha kumi na mbili. Zikaonyesha nane. Kesho yake kumi.

Wiki tatu nimeishi na hasira za mtu huyu. Mimi ni mshonaji, na cherehani yangu iko hatua mbili kutoka kiti chake. Anajenga, anabomoa, anaitukana skrini, chai inapoa, wateja wangu wanapiga hodi yeye hasikii. Nikimuuliza kitu, ananitolea macho. Maji yalinifika shingoni.

Ijumaa mchana akapigiwa simu: lifti imekwama orofa ya tano, ina watu ndani. Alikuwa ndiyo kwanza ameweka saba na tano, mtu wake wa kwenye gemu amesimama katikati ya bonde. Akaondoka mbiombio, akaacha kila kitu kinawaka. Mimi natia pindo la sketi, nikainua macho. Kule mbali taa mbili zimewaka: ya nane na ya nne. Nilishajua kuzisoma, ningeachaje, wiki tatu nazisikia! Kumi na mbili kamili.

Aliporudi nikamwambia. Akaketi, akazima zote, akaweka saba na tano upya, kisha akamkimbiza mtu wake hadi kwenye taa kama kawaida yake. Nane.

"Umeona?" akasema.

"Sasa mbona umekwenda? Ukisogea mbele, kule nyuma unakokuacha mbali kunalala, umeme unasimama njiani. Nimekuangalia: kila ukirudi, nyaya za nyuma ndiyo kwanza zinaendelea kuwaka. Kaa katikati, pande zote mbili ziwe karibu nawe, uzisubiri."

"Mke wangu, lifti haipimwi kwa mbali. Unaifuata mlangoni, unaiona kwa macho yako."

"Hii si lifti, baba watoto."

"Wewe shona."

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wa kwangu alikuja na magoti mabovu tayari. Nikashona.

Jumamosi asubuhi mkuu wa chuo akaja, akakaa kwenye kiti cha wateja wangu. Injinia akaweka saba na tano, akazikimbilia taa. Kumi. Akarudia. Nane. Nikakohoa, nikasema taratibu, "Simama katikati." Akanikata jicho mbele ya mgeni. Akarudia mara ya tatu. Mkuu akatazama saa.

"Wazo zuri, fundi," akasema akiinuka. "Ukipata cheti, usisite kuja."

Mlango ulipofungwa Injinia akarudi kwenye skrini. Nami sikubembeleza. "Simama katikati," nikasema. Safari hii alitii, nadhani kwa kuchoka. Tukangoja. Taa ya nane ikawaka, kisha ya nne. Kumi na mbili.

Hakufurahi. Alikuwa anapapasa goti.

"Jana ulisema hivihivi."

"Nilisema."

"Nilikusikia," akasema. "Nilidhani tu hujui unachosema."

Afadhali angesema hakusikia. Miaka ishirini na minne ya ndoa, nilikasirika siku ile kuliko siku zote, na nikamwambia hivyo, kwa sauti ya kufika kwa jirani. Akainamisha kichwa. Akampigia mkuu wa chuo mara nne, simu haikupokewa.

Jumatatu alifunga magoti bandeji na kwenda kupanda ngazi zake. Nilimbebea mfuko wa spana hadi mlangoni. Hata hapo hakuniuliza nilijuaje.