Springi ya Pazia na Majina ya Watu

Enos Walubengo alikuwa na imani mbili: kanisa la kwao Bungoma, alilohudhuria Krismasi, na valvu, zile chupa za kioo zinazowaka ndani ya redio za zamani, alizozihudhuria kila siku. Kufikia mwaka 1987 mafundi redio wenzake pale soko la Kibuye, Kisumu, walikuwa wamehamia transista. Yeye aliendelea kung'oa valvu kwenye redio kuukuu, hata akaunda amplifaya ya gitaa: sanduku la mbao lililohitaji wanaume wawili kulibeba na subira ya kutosha lipate joto.

Sanduku hilo ndilo lililomfanya awe mtu Kisumu. Bendi ya Gordon ilipiga nalo benga kila Jumapili mchana katika baa moja ya Kondele, naye Walubengo akiketi kando yake kama baba wa bibi harusi. Kisha Gordon akaona mashine ya Kijapani dukani.

"Omera, ndugu yangu, ile ina chaneli mbili," alisema. "Gitaa hapa, sauti pale. Na ina mwangwi. Ukiimba, ni kama uko ndani ya kanisa."

"Kanisa letu ni la udongo. Halina mwangwi."

"Basi Jumapili ijayo utapumzika."

Walubengo hakupumzika. Aliongeza valvu nyingine na tundu la pili la kuchomekea waya, kila tundu na volyumu yake. Kwa ajili ya mwangwi alichomoa springi iliyoshika pazia la chumbani, akaitandaza ndani ya sanduku: huku spika ndogo ya redio ikiitikisa, kule kichwa cha gramafoni kikipokea mtikisiko uliochelewa njiani. Mwangwi nao ukapata volyumu yake. Mkewe, Nasambu, alilitazama dirisha lililobaki uchi.

"Sasa majirani watatuona."

"Watatusikia pia," alisema Walubengo, akidhani amemfariji.

Jumapili ilipofika, gitaa likaingia chaneli kavu, maikrofoni ikapewa mwangwi. Nyimbo mbili zikapita salama. Ndipo ukafika wakati wa pakruok, ile desturi ya Waluo ambapo msikilizaji huituza bendi, muziki ukashushwa, naye akapewa maikrofoni ajisifu mbele ya watu. Dishon, mchuuzi wa samaki kutoka Luanda Kotieno, alitangulia. Alisema mengi kwa Kidholuo, na Kidholuo cha Walubengo kilikuwa cha sokoni, cha kutosha fyuzi na betri. Alichosikia vizuri ni jina.

"Dishon… shon… shon…"

Vichwa vikainuka kila meza. Dishon mwenyewe akageuka kuona nani anamwita.

Walubengo akaingiwa na hofu. Springi imelegea, alijiambia. Mwangwi umezidi, na ile mashine ya Kijapani ndiyo hiyo inakuja. Kwa uadilifu wote wa fundi, akaufunga kabisa.

Akapanda Opiyo, mkulima wa mpunga wa Ahero, mpinzani wa Dishon tangu shuleni. "Opiyo," alisema, akasubiri. Kimya. Akarudia kwa nguvu. Jina likaanguka sakafuni kama kijiko. Meza ya Dishon ikacheka.

"Nani amezima jina langu?"

"Halijazimwa, Mzee," alisema Walubengo. "Nimerekebisha. Sasa unasikika safi."

"Safi? Yule ameitwa mpaka ziwani, mimi unaniambia safi? Dishon amekupa samaki?"

Walubengo akamtafuta Gordon, angalau mmoja wao akubali kwamba sauti safi ni jambo jema. Gordon alikuwa akizitazama meza. Mikono ilikuwa juu kila upande. Wote walitaka maikrofoni.

"Fungua, omera," Gordon alinong'ona. "Ile ya Kijapani ibaki dukani. Lakini mkono wako usitoke kwenye volyumu ya mwangwi. Mtu mkubwa, mwangwi mrefu. Mtu mdogo, mwangwi mfupi."

"Nitajuaje nani mkubwa?"

"Miaka yote hii Kisumu, bado hujui?"

Hakujua. Akaufungua mwangwi, Opiyo akarudia jina lake, likazunguka baa nzima, akashuka ameridhika. Aliyefuata alikuwa mwembamba, ndani ya koti la mtu mnene. Walubengo alitazama koti, akatazama viatu, akatazama jinsi watu walivyompisha: ingeweza kuwa heshima, ingeweza kuwa harufu. Gordon alikuwa ameinama, anakaza uzi wa gitaa.

Walubengo akazungusha volyumu hadi katikati, akangoja kuona ni nani atakayekasirika.