Vigelegele vya Thamodinamiki

Leo mtaa mzima hapa Rahaleo umejua naolewa!

Matokeo ya sapu, yaani mtihani wa marudio, ya Thamodinamiki yametoka. Nasoma uhandisi mitambo, na ningefeli tena somo hilo ningefukuzwa chuo.

Nimepata C.

Mama alivyosikia, akapiga vigelegele hadi barabarani.

Na mnajua kwetu kigelegele hakiachwi kilie peke yake. Majirani wakaitikia, wakaja mbio, khanga viunoni.

Bi Somoe wa nyumba ya pili akanikumbatia: "Hongera mwanangu! Bwana harusi mtu wa wapi?"

Mama akadakia: "Ndoa gani, shoga? Hii talaka! Mwanangu kaachana na Thamodinamiki!"

Vigelegele upya 😂

Sasa pilau iko jikoni. Nani amwambie mama kwamba muhula ujao naposwa na Mekanika ya Vimiminika, na huyo ndiye mkorofi zaidi?