Kijiko cha Mama

Kijiko kikigonga glasi, mara moja. Ti. Sauti hiyo aliirekodi jikoni kwa mama yake. Mama ndiye aliyegonga, kisha akauliza, "Imeingia, au nirudie?"

Kazini wanamwita Mlinzi. Ofisi yake ni chumba kimoja katika ghorofa ya pili ya chuo. Ukutani kuna skrini yenye vitone tisini na sita, kila kitone ni kompyuta au kifaa cha mtandao. Kijani, kinafanya kazi; chekundu, kimezimika. Programu inayovichungulia haiuzwi, haina mwenye duka. Imeandikwa na watu waliotapakaa duniani, na yeyote anaweza kuifungua aitie mkono wake. Naye ameutia. Maneno yake ya Kiswahili ameyatafsiri yeye, Jumapili kumi na moja mfululizo. Kitufe cha kuzuia kengele alikiita "Nyamazisha", kwa kuwa "Zima" lilimkwaruza sikio.

Kitone cha tisini na saba kilikuwa cha mama. Mama aliishi peke yake, na alishawahi kuanguka. Basi Mlinzi akafunga kikompyuta cha ukubwa wa kiberiti juu ya mlango wa jikoni. Mlango usipofunguliwa hadi saa tatu asubuhi, simu ya Mlinzi inagonga kijiko. Mama alicheka mpaka akajishika mbavu. "Yaani nikipitiwa na usingizi tu, nimeshashtakiwa?"

Ijumaa ile fundi wa nyaya alikuja kubadilisha nyaya za ghorofa ya chini. Kengele zingepiga kelele hadi Jumatatu. Mlinzi alipaswa kuchagua mashine arobaini za kunyamazishwa, moja baada ya nyingine, na fundi alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake.

"Dada, chagua zote tu, twende zetu."

Akachagua zote. Akabonyeza Nyamazisha.

Jumamosi mlango wa jikoni haukufunguliwa. Mlinzi alishinda akifua mashuka, simu mfukoni. Jumapili mchana jirani alivunja kitasa. Daktari alisema mama alianguka alfajiri ya Jumamosi, akabaki hai mpaka jioni.

Sasa ni wiki ya tatu. Mlinzi anafika saa mbili kamili, anatundika mkoba, anakaa. Hajalia. Wako wanaosema amejikaza, wako wanaosema ana moyo wa jiwe. Yeye anawasikia kama mtu asikiavyo redio ya nyumba ya pili. Chai inapoa, anainywa hivyo hivyo. Kitone cha mama ni chekundu, maana kaka yake alikata umeme wa nyumba baada ya mazishi.

"Nikuondolee hicho?" fundi aliuliza juzi, asijue ni cha nani. "Kinaharibu ukuta."

"Kiache."

Leo kaka ameingia. Ni dereva wa lori, hajawahi kufika ofisini humu. Anatoa kikompyuta kwenye mfuko wa nailoni, skrubu zake bado zinaning'inia, anakiweka mezani.

"Ulisema kitalia."

"Nilisema."

"Mimi breki zikinikatalia, najua gereji ya kwenda kumshika mtu shati. Hawa wako ni akina nani? Watu wa bure bure. Waandikie. Andika hapa hapa nikiona, wasije wakamfanyia mama wa mtu mwingine."

Mlinzi anafungua ukurasa wa kuripoti hitilafu. Anajaza siku, anajaza saa. Ni kazi nyepesi. Wangemwamini; wanamjua miaka sita, kwa barua tu. Mmoja wao angekosa usingizi akitafuta kosa lisilokuwepo, kisha angemwomba radhi.

Penye "Nini kilitokea" vidole vinasimama. Chini ya skrini programu imeweka kumbukumbu yake, kama kawaida: Ijumaa, saa kumi na dakika tano, jina lake, vifaa vyote, kimya hadi Jumatatu. Anausoma mstari huo akingoja kitu kimuume. Hakuna kinachouma.

"Mbona umeacha? Nayo imegoma?"

Anafuta alichoandika, herufi moja moja, mpaka ukurasa unabaki mweupe. Hamtazami kaka. Anatazama skrubu zinazoning'inia.

"Haijakosea," anasema, kwa sauti ambayo kaka analazimika kuinama aipate. "Kijiko nilikinyamazisha mimi."