Umekalia Uzi

Mhadhiri wa nadharia ya fasihi hakai mbele ya darasa. Leo atavuta kiti karibu na dirisha, kesho nyuma kabisa, na kila akihama shingo zinamfuata kama alizeti. "Kitabu hakina kitovu, jamani," huwaambia, akichezesha vidole vyenye chaki. "Ni wavu. Kila fundo limeshikwa na mengine, hata mwandishi mwenyewe ni fundo tu." Wanafunzi huandika neno kwa neno, kisha humkodolea macho yeye, wakingoja zaidi. Huo ndio mfupa uliomshinda fisi.

Siku mafua yalipomkausha sauti, alitoa donge la uzi mwekundu begini, akaandika ubaoni: anayesema ashike uzi, kisha amrushie atakayemjibu. Akaketi kati yao, nao wakaanza kuibishania riwaya ya wiki hiyo, mmoja mmoja, kwa aibu. Haukupita muda uzi ukawa unavuka madawati, unarudi, unampita yeye juu ya kichwa, na kelele ni za sokoni. Mara msichana mmoja akamgusa bega, macho yake yakiwa kwa mpinzani wake.

"Samahani, Mwalimu, sogea kidogo. Umekalia uzi."

Akasogea. Tabasamu lilimwenea uso mzima, na hakuna aliyeliona.