Niliandika barua nzuri ya kumhamisha mwinjilisti, mpaka leo najuta

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Wanaonijua wanajua mimi nikisema nimeona ndovu, toa mkonga, toa masikio, utabaki na sungura. Lakini hii ya leo ni kweli tupu. Majina tu ndio nimebadilisha.

Ilikuwa miaka ya hamsini, huko Mau Narok, shamba la mzungu wa ngano na pareto. Nilikuwa nimemaliza ngumbaru, ile shule ya jioni ya watu wazima, na kiburi kimenijaa mpaka kofia haiingii.

Kuandika? Barua yangu ikifika, bibi aliyekasirikia bwanake akarudi kwao anamrudia mbio bila viatu!

Kwa hivyo kanisa letu la mabati likanifanya karani. Mikutano ya wazee naandika mimi, barua nasoma mimi.

Tulikuwa na mwinjilisti, nitamuita Simeoni. Suti moja, sauti tamu, anapendwa kushinda mvua. Yeye ndiye alifundisha darasa la ubatizo. Siku moja akamwambia msichana anaitwa Rebeka abaki nyuma ya wenzake, eti hajashika amri kumi vizuri.

Akamnajisi.

Sitaeleza zaidi. Alikuwa mtoto.

Rebeka alimwambia mamake siku hiyo hiyo. Mama Rebeka alikuwa mama wa kuchuma pareto, si mtu wa kelele. Jumapili akasimama mbele ya wazee akasema yote, mikono imeshika leso.

Mwenyekiti wetu, mzee Yohana, akajikuna kidevu. "Mama, unataka kanisa lichekwe na shamba zima?"

"Wacha lichekwe, mzee. Mimi nataka huyo mtu asikaribie mtoto tena. Wangu ama wa mwingine."

Hiyo tu ndio aliomba, wakuu.

Wakamtoa nje, wakaomba, wakaamua. Rebeka akae benchi ya nyuma miezi sita kama aliyetenda dhambi, "mpaka maneno yapoe". Simeoni apewe transfer, aende kanisa la Subukia.

Polisi? Hakuna aliyetaja. Hata mimi.

Sasa, siku zile hupokelewi kanisa lingine bila barua ya ulikotoka. Hata uwe malaika, bila barua unakaa na wageni. Mzee Yohana akanigeukia: "Karani, andika. Na iwe ya kufunga maswali."

Niliandika, wakuu! Kiswahili kimenyooka kama reli. Nikamfanya Simeoni mti uliopandwa kando ya mito. Nilipofika chini nikaona karatasi imebaki na nafasi, nikaongeza mstari ambao hakuna mtu alinituma:

"Anafaa sana kufundisha watoto."

Wazee wakanipigia makofi. Nilitembea na hayo makofi wiki nzima.

Kabla ya mahindi kukauka, Subukia wakajibu. Nikasoma kwa sauti mbele ya wazee. Kwa sababu ya barua yetu walimpa Simeoni watoto wote wa kanisa. Sasa wasichana wawili wameumizwa, na yeye ametoroka. Wamerudisha barua yangu ndani ya bahasha, ule mstari wa mwisho umepigiwa laini. Chini wameuliza neno moja: "Mlijua?"

 

Mzee Yohana akasema, "Weka kwa file."

Nikaweka.

Nilipotoka nikakutana na Mama Rebeka njiani na kikapu chake. Alishasikia kuna barua imekuja.

"Karani, Subukia wanasemaje?"

Nikamjibu, "Wanasalimia."

Akahamisha kikapu mkono mwingine. "Haya. Na wewe wasalimie," akasema, akaenda zake. Kufika Krismasi walikuwa wamehama, yeye na Rebeka. Wapi, sijui. Nimeulizia miaka mingi.

Somo langu ni hili. Kanisa haliwezi kuwa hakimu wa mtu wake. Mtoto akisema, enda naye polisi siku hiyo, na makanisa mengine yaambiwe wazi. Kumhamisha mtu kama huyo ni kumpelekea jirani moto kwa debe.

Nyinyi mlio kwa committee za kanisa siku hizi, niambieni: mtoto akija kwenu na neno kama la Rebeka, wa kwanza mnampigia simu ni nani?

Commentini, hata kama ni matusi. Nitasoma yote.